Kitufe cha Kuazima

Kitufe cha kwanza cha wavuti hakikuwa mali ya mwenye tovuti. Fomu zilipoanza kuonekana 1993 katika Mosaic, kivinjari kilichotengenezwa na vijana wa kituo cha NCSA kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, mwandishi wa ukurasa alisema tu: hapa pakae kitufe, na maneno yake yawe haya. Sura ya kitufe ilitoka kwenye kompyuta ya msomaji. Baada ya muda mfupi, mwenye Macintosh aliona kitufe cha Macintosh, mwenye Windows akaona cha Windows, na mtu wa Unix akaona kile cha kijivu chenye kingo zilizoinuka kama kipande cha bati kilichogongwa kwa nyuma. Ukurasa mmoja, sura tatu. Hakuna aliyelalamika. Wavuti ya siku zile ilikuwa ya watu wa vyuo na maabara, nao walitaka fomu ifike, basi.

Kilio kilianza wafanyabiashara walipoingia. Kampuni yenye nembo nyekundu haikutaka kitufe cha kijivu, tena kijivu cha mtu mwingine. Håkon Wium Lie alikuwa amependekeza CSS, lugha ya kuuambia ukurasa uvae sura gani, mwezi Oktoba 1994, akiwa kwenye maabara ya CERN, na toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Lakini kupitishwa ni jambo moja na kutiiwa na vivinjari ni jingine. Netscape kilitii nusu, Internet Explorer kikatii nusu, na nusu hizo mbili hazikufanana. Kwa hiyo mafundi wakafanya kile ambacho fundi hufanya akikosa mbao: wakachora. Kitufe kikawa picha.

Kazi hiyo naikumbuka kwa vidole. Mwaka 2007 nilikuwa nikitengeneza tovuti katika ofisi ya vyumba viwili Dar es Salaam, na kila mteja aliyepanda ngazi zile alitaka vitufe vyenye pembe za mviringo. CSS ya wakati huo haikujua mviringo, ilijua mraba. Ujanja tuliotumia ulikuwa wa Mmarekani Douglas Bowman, aliyeueleza Oktoba 2003 na kuupa jina la milango ya kuteleza. Unachora picha mbili. Ya kwanza ni fupi na ina pembe za kushoto. Ya pili ni ndefu sana na ina pembe za kulia. Unaipachika moja nyuma ya neno na nyingine nyuma ya kifungashio chake, na neno likirefuka picha ndefu inateleza chini ya fupi, ikifichua mwili zaidi. "Tuma" likawa na kitufe kifupi, "Endelea kujisajili" likawa na kirefu, kwa picha zilezile mbili. Mteja akibadili rangi, unarudi kuchora upya. Na kila picha ilikuwa safari nyingine kwenda seva na kurudi, wakati sisi tulikuwa bado tukitegemea satelaiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai 2009. Kabla ya hapo, nimeshuhudia ukurasa ukifunguka na maneno yakasubiri vitufe vyake kama abiria wanaosubiri mizigo.

Wakati tunahangaika na pembe, wavuti ilikuwa imeshabadilika tabia. Gmail ilitoka 2004, ramani za Google zikafuata mwanzoni mwa 2005, na Februari mwaka huohuo Jesse James Garrett akalipa jina lile jambo lililokuwa likitokea: Ajax. Ukurasa haukuwa tena karatasi ya kusoma. Ulikuwa chombo cha kufanyia kazi, na chombo kinahitaji menyu zinazoshuka, vichupo, kalenda za kuchagulia tarehe, vidirisha vya kuuliza "una uhakika?". HTML, lugha ya kuandikia kurasa, haikuwa na hata kimoja cha hivyo. Ilikuwa na kisanduku cha kuandikia, orodha ya kuchagua, kiduara cha kuweka alama, na kitufe.

Hapo ndipo maktaba za msimbo zilipozaliwa, vipande vilivyokwisha kuandikwa vya kuazima, na zilizaliwa kwa mkupuo. Sam Stephenson alitoa Prototype 2005, na Thomas Fuchs, kutoka Austria, akaijengea juu script.aculo.us, iliyofanya vitu vififie na kuteleza hadi tukapatwa na kizunguzungu. Januari 2006, katika mkutano wa BarCamp jijini New York, kijana wa miaka 21, John Resig, akaonyesha jQuery. Mwezi uliofuata Yahoo wakafungua ghala lao: YUI, vipande vile vile walivyokuwa wakivitumia kwenye kurasa zao, wakavitoa kwa leseni ya BSD, chukua utumie. Kwa mtu aliyezoea kuona makampuni yakifungia msimbo kabatini, hili lilikuwa jambo la kushangaza. Yahoo ya wakati ule ilikuwa jumba kubwa. Ni kama tajiri wa mtaa aliyeweka vyombo vyake vya shughuli barazani na kusema mwenye arusi aje abebe.

jQuery ilishinda kwa sababu ilikuwa nyepesi kichwani. Septemba 2007 ikapata mdogo wake, jQuery UI, na ndani yake ile kalenda ambayo nadhani nimeipachika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote maishani. Ilikuwa na mpangilio mmoja mdogo ulionifurahisha, firstDay, wa kuamua juma lianze siku gani. Sifuri ni Jumapili, ndivyo Wamarekani wanavyohesabu. Moja ni Jumatatu, ya Wazungu wa Ulaya. Mimi niliweka sita, Jumamosi, kwa kuwa lugha yetu imeshasema siku ya mosi ni ipi na ya pili ni ipi. Kalenda ikatii bila kuuliza. Mteja hakutii. Alinipigia simu kusema kalenda imeharibika, nikarudisha moja. Saa ndiyo sikuwahi kuiweza: kila kipande cha kuchagulia muda nilichokipata kilianza kuhesabu usiku wa manane, na saa moja asubuhi ikabaki kuwa saba. Ukiazima kifaa unaazima na kichwa cha aliyekitengeneza.

Na leseni yake pia. Jack Slocum alianza na nyongeza za YUI 2006, zikakua hadi kusimama peke yake kwa jina la Ext. Majedwali yake yalikuwa mazuri mno. Unapanga safu, unavuta, unachuja, kama uko kwenye Excel. Watu wakajenga mifumo mizima ya ofisi juu yake wakiamini leseni ya LGPL iliyowaruhusu kufunga msimbo wao wenyewe. Aprili 2008, kwa toleo la 2.1, ikahamia GPL: ama ufungue msimbo wa mfumo wako, ama ununue leseni ya biashara. Hasira zilizofuata hazikuisha mapema. Sheria ilikuwa upande wa mwenye mali, hilo halina ubishi, na matoleo ya zamani yalibaki na leseni yao ya zamani. Ila aliyekwisha kupanga nyumba akakuta kodi imebadilika.

Sasa tuje Twitter, 2010. Kampuni ilikuwa inakua kwa kasi, na ndani yake kila kundi la wahandisi lilijijengea vyombo vya kazi, jopo la takwimu hapa, ukurasa wa usimamizi pale, kila kimoja kwa maktaba aliyoipenda fundi wake. Vitufe vya kila chumba vilikuwa na ukoo tofauti. Mark Otto, msanifu, na Jacob Thornton, mwandishi wa programu, wakaanza kukusanya vipande vya pamoja kwa matumizi ya ndani, mradi walioupa jina la Blueprint. Mkurugenzi wa ubunifu wa Twitter wakati huo alikuwa, si mwingine, Douglas Bowman wa milango ya kuteleza. Alikuwa ameondoka Google 2009 akilalamika hadharani kwamba pale hata rangi ya buluu haichaguliwi mpaka vivuli 41 vishindanishwe kwa takwimu.

Tarehe 19 Agosti 2011 mradi ule ulitolewa kwa umma kwa jina la Bootstrap. Wakati ulikuwa umeiva. Miezi mitano kabla, Microsoft walikuwa wametoa Internet Explorer 9, toleo lao la kwanza lililojua kuchora pembe ya mviringo bila picha. Milango ya kuteleza ikafungwa. Kitufe cha Bootstrap kilikuwa na mviringo, kivuli, rangi inayokolea kushuka chini, na mstari mwembamba wa mwanga juu, vyote kwa maneno ya CSS matupu. Ulihitaji kuunganisha faili moja na kuandika maneno mawili ndani ya kitufe chako, btn primary, basi kimegeuka. Mimi niliyechora picha miaka minne nilikaa nikakitazama tu. Nikakibonyeza, nikakibonyeza tena, ingawa hakikuwa kimeunganishwa na chochote.

Januari 2012 likaja toleo la pili na gridi ya safu 12 inayojipanga upya kulingana na upana wa skrini. Kumi na mbili kwa sababu inagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita bila mabaki, hesabu ambayo muuza mayai kwa dazeni angekueleza bila shule. Kufikia mwaka huo hapakuwa na mradi kwenye GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, uliouzidi huu kwa nyota. Agosti 2013 toleo la tatu likaanza na simu kwanza, kompyuta baadaye, na vivuli vingi vikafutwa. Kwetu, ambako wengi waliingia mtandaoni kwa mara ya kwanza kupitia simu, uamuzi huo ulikuwa na maana zaidi kuliko huko ulikofanywa.

Jambo moja kuhusu Bootstrap lazima nilikalie, kwa sababu linaonyesha jinsi kitu kidogo kinavyokuwa kikubwa kikishaazimwa na maelfu. Katika faili la menyu zinazoshuka palikuwa na mstari ulioita kazi moja, clearMenus(), ukaishia hapo, bila nukta mkato. Mstari wa chini yake ulianza na alama ya mshangao: !isActive. JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, huvumilia uandishi huo. Ikiona mstari umekatika na sentensi haiwezi kuendelea, hujiwekea nukta mkato yenyewe kimyakimya. Thornton alijua hivyo na aliandika hivyo kwa makusudi, ulikuwa mtindo wake. Lakini palikuwa na chombo kinaitwa JSMin, kazi ya Douglas Crockford, mzee aliyeheshimika sana katika lugha hiyo, kinachobana msimbo kwa kuondoa nafasi na mistari isiyo na kazi ili faili liwe jepesi. JSMin kilifika pale, kikaona mkato wa mstari, kikaufuta. Sentensi mbili zikagandana, clearMenus()!isActive, na hiyo si JavaScript ya mtu yeyote. Menyu zikafa.

Aprili 2012 mtumiaji mmoja akaripoti tatizo hilo. Thornton akasema msimbo wake ni halali, kirekebishwe JSMin. Crockford akajibu kwamba msimbo ule ni upumbavu uliokithiri na hatakishusha akili chombo chake kwa ajili yake. Basi wakajaa. Mamia ya watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa Bootstrap walikuja kutoa fatwa juu ya nukta mkato. Hatimaye akaandika Brendan Eich mwenyewe, aliyeitunga JavaScript kwa siku kumi Mei 1995 pale Netscape. Alisema ule utaratibu wa kujiwekea nukta ulikusudiwa kusahihisha makosa, haukukusudiwa kuwa mtindo, na kwamba laiti katika zile siku kumi angaliupa mwisho wa mstari uzito zaidi. Mimi nilikuwa upande wa Crockford, nikiri. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kwamba fundi wa mbali, ambaye hakuwa amechagua Bootstrap kwa sababu ya mtindo wa uandishi wake wala JSMin kwa sababu ya siasa zake, menyu zake hazikushuka asubuhi ile, na hakuwa na la kufanya ila kusoma ugomvi wa watu wawili asiowajua.

Miaka ile dunia ilivaa sare. Benki, kanisa, chuo, duka la vipuri, wote kitufe kimoja. Watu walicheka, wengine wakaudhika. Mimi niliona ni nafuu, maana fundi wa peke yake sasa alitoa kazi isiyotia aibu mbele ya kampuni kubwa. Na mpaka leo naweza kukuambia tovuti imejengwa lini kwa kutazama buluu ya kitufe chake, kama mama zetu wanavyokadiria umri wa kanga kwa kutazama pindo. Buluu ya kufifia ni toleo la pili. Buluu bapa iliyopoa kidogo, namba 428bca, ni la tatu, na ikiiva kuwa 337ab7 ni la tatu la mwishoni. Ile kali ya 007bff ni la nne, Januari 2018. Ikiingia urujuani kidogo, 0d6efd, ni la tano, Mei 2021, lililoiacha jQuery nyuma na kuleta mpangilio wa kulia kwenda kushoto, wasomaji wa Muscat wakapata nao kitufe kilichosimama upande wao.

Kitu kilichoiondoa Bootstrap kwenye kiti chake hakikuwa kitufe kizuri zaidi. Jordan Walke wa Facebook alikuwa ametengeneza React, ikatolewa kwa umma Mei 2013 katika mkutano wa JSConf US, na mapokezi yake yalikuwa baridi, maana ilichanganya HTML na JavaScript ndani ya faili moja, dhambi tuliyofundishwa kuikimbia. Wazo lake likashika hata hivyo: kila kipande cha ukurasa kiwe kifurushi kamili, sura yake na akili yake pamoja. Katika Bootstrap uliandika kitufe chako mwenyewe na kukivika nguo zao. Ukifungua ukurasa unaona kila kitu. Katika ulimwengu wa React unaandika Button, kwa herufi kubwa, na kilichomo ndani ni siri ya aliyekifunga. Google walipotangaza Material Design Juni 2014, pamoja na nadharia yao ya karatasi na wino, haikupita miezi mingi kabla ya kampuni ndogo ya Call-Em-All kuigeuza kuwa vifurushi vya React kwa jina la Material-UI. Mwaka 2015 ikafuata Ant Design, kutoka Hangzhou, ya kampuni inayoendesha mfumo wa malipo wa Alipay.

React nayo ilikuwa na kodi yake. Leseni yake iliambatana na karatasi ya hataza: ukiishtaki Facebook kwa hataza yoyote, ruhusa ya hataza uliyopewa pamoja na React inakoma. Julai 2017 taasisi ya Apache ikapiga marufuku msimbo wenye sharti hilo katika miradi yake. Tarehe 14 Septemba Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, akatangaza kwamba mfumo huo wa kujengea tovuti utaachana na React. Siku nane baadaye Facebook wakasalimu amri, wakatangaza kuihamishia React kwenye leseni ya MIT, isiyo na sharti hilo. Ni mara chache nimeona kampuni ya ukubwa ule ikigeuka haraka hivyo kwa ajili ya aya moja.

Ant Design ilienea China kama maji. Ina jedwali, fomu, mti wa idara, ngazi za idhini, kila kitu ambacho ofisi inaweza kukitamani, na haina mbwembwe. Ndiyo maana kilichotokea 25 Desemba 2018 kiliwapata watu wakiwa kazini kabisa, maana kwa China hiyo ni Jumanne kama Jumanne nyingine. Mafundi walianza kupigiwa simu. Juu ya vitufe vya mifumo ya ofisi, vile vitufe vya "Hifadhi" na "Wasilisha", kumekaa theluji. Ukingo mweupe mdogo, umelala juu ya kitufe kama ukungu juu ya paa. Na ukipitisha kishale cha kipanya, kinatokea kijineno: Ho Ho Ho!

Jiweke mahali pa fundi huyo. Jana hakubadili kitu. Leo mkuu wa idara, katika nchi ambayo serikali yake haiipendi Krismasi, anamuuliza nani ameweka mzaha wa Wazungu kwenye mfumo wa ofisi. Anafungua msimbo wake, anatafuta neno theluji, hakuna. Anatafuta Krismasi, hakuna. Anadhani wameingiliwa. Mpaka afikie kufungua kile kifurushi chenyewe, mahali ambapo hakuwahi kuwa na sababu ya kufika, ndipo anakuta masharti mawili mafupi: mwezi ukiwa 11 na siku ikiwa 25. Kumi na moja, kwa sababu JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri, kwa hiyo Desemba haiitwi kumi na mbili. Mistari hiyo ilitiwa mwezi Septemba. Ilikuwa imelala miezi mitatu ndani ya vitufe vyote, ikitazama saa ya kila kompyuta na kusubiri.

Waliohusika waliomba radhi na mistari ikaondolewa. Wapo walioandika kwamba wamefukuzwa kazi kwa ajili ya theluji ile. Wapo pia waliojibu kwamba kitu ni cha bure, msimbo uko wazi, ungeusoma. Jibu hilo ni la kweli na halina msaada. Hakuna asomaye. Fundi anayeazima maktaba anaazima ili asisome, ndiyo faida yenyewe. Kama angekuwa na muda wa kusoma kila mstari wa kitufe, angekuwa na muda wa kukiandika.

Ila kukiandika si rahisi kama kinavyoonekana, na hapa ndipo nawatetea waandishi wa maktaba. Kitufe halisi cha HTML kinafikiwa kwa Tab. Kinabonyezeka kwa Enter na kwa nafasi, tena kwa tofauti: Enter hufanya kazi inapogandamizwa, nafasi hufanya kazi inapoachiliwa, ili mtu aliyeghairi aweze kuhama kabla ya kuinua kidole. Kikizimwa hakibonyezeki. Kisoma skrini kikikipitia kinamwambia asiyeona: kitufe, na jina lake. Sasa mchukue fundi mwenye haraka, anayechukua kisanduku kitupu cha div, anakipaka rangi, anakitegea kubofya kwa kipanya. Kwa jicho hakina tofauti. Kwa kipofu hakipo. Tovuti za miaka ya 2000 zilijaa vitufe vya namna hiyo, vyangu vikiwemo. Kanuni za WAI-ARIA zilizokamilishwa Machi 2014 zilitoa maneno ya kuwafafanulia visoma skrini vitu hivi vya kubuni, lakini ni maneno mengi, na orodha moja ya kutafuta na kuchagua inaweza kumla fundi mzuri wiki nzima. Kwenye maktaba nzuri kazi hiyo imeshafanyika, na huioni.

Baada ya theluji, ingawa sidai kwa sababu yake, upepo uligeuka. Adam Wathan alikuwa ametoa Tailwind mwishoni mwa 2017, isiyokuwa na kitufe hata kimoja, vijineno vya rangi na nafasi tu, ujipikie. Wengine wakaja na vifurushi visivyo na sura, kama Radix: akili yote ya kibodi na visoma skrini imo, nguo utavaa zako. Mwaka 2023 fundi anayejulikana kwa jina la shadcn akaviunganisha hivyo viwili kwa namna ambayo kwanza niliiona ni kurudi ujimani. Hakuna kifurushi cha kusakinisha. Unatoa amri, na msimbo wa kitufe unanakiliwa ndani ya folda yako, faili lako, unafungua, unasoma, unabadili. Ukitaka theluji utaiweka wewe.

Nilikitumia kwenye mradi mmoja mwaka jana. Faili la kitufe lilikuwa fupi kiasi cha kusomeka kwa kikombe kimoja cha chai, nami nikalisoma lote, kwa mara ya kwanza tangu milango ya kuteleza. Baadaye walipotoa masahihisho, hayakunifikia, kwa sababu nakala ni yangu na matatizo yake ni yangu. Na sare imerudi kwa mlango wa nyuma. Programu za akili bandia zinazoandika kurasa, v0 ya kampuni ya Vercel ikiwa miongoni mwa za kwanza, zimezoea vipande hivihivi, kwa hiyo ukiomba tovuti ya duka unaletewa kitufe cheusi, pembe zilezile, maandishi yaleyale membamba. Buluu ya Bootstrap angalau ilikuwa na joto.

Wenye vivinjari, waliotuachia tuhangaike tangu Mosaic, nao wameanza kurudisha kazi yao. Kidirisha cha kuuliza kilipata neno lake rasmi, dialog, Chrome kikalitambua 2014, na vingine vikasubiri miaka minane hadi Firefox na Safari vilipolikubali Machi 2022. Vijidirisha vya kuchomoza vimefuata. Na 2025, kwa toleo la 135, Chrome kikaruhusu ile orodha ya kuchagua ipambwe itakavyo, ile iliyogoma kupakwa rangi kwa miaka 30 na kusababisha nusu ya maktaba nilizozitaja kuandikwa. Ni sentensi moja ya CSS. Kivinjari kisichoielewa huiruka tu, na kufungua orodha yake ya zamani, kwa sura ya kompyuta ya msomaji.